Maswali ya Wasomaji: Lotus 1-2-3 na Grafu Zisizoonekana

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mstaafu wa idara ya kilimo na makazi yangu ni Tanga. Katika miaka ya 1990 nilikuwa nikiweka takwimu za mvua na mavuno kwenye programu ya majedwali ya Lotus 1-2-3, na grafu zake nilizihifadhi humo humo ndani ya mafaili. Hivi karibuni nimepata kompyuta ya aina ya XT yenye diski ngumu ya megabaiti 20, kiendeshi kimoja cha disketi za inchi 5.25 na monita ya maandishi ya kijani. Inatumia mfumo endeshi wa DOS 3.3, na imekuja na disketi zote sita za Lotus, Toleo la 2.01. Kwa kuogopa kuziharibu disketi halisi, kijana wangu alizinakili kwenye kompyuta ya 286 ya rafiki yake, lakini XT yangu inazisoma nakala hizo nusu nusu, kisha inaandika "Data error reading drive A". Nikaamua kutumia zile halisi na kunakili kila kitu kwenye saraka ya C:\123. Programu inafunguka, ila kila mara inadai disketi ya System iwe ndani ya kiendeshi A, na nikitoa amri ya View ili nione grafu, skrini inakuwa nyeusi tupu. Namba zinaonekana sawasawa, lakini grafu sijaiona hata moja. Je, programu imeharibika? Na grafu zenyewe nitazichapishaje?

Msomaji wenu, Tanga.

JIBU

Mzee wetu, shikamoo. Programu yako ni nzima. Una matatizo matatu yasiyohusiana, ila kwa kuwa yamekukuta kwa pamoja yanaonekana kama ugonjwa mmoja. Tuanze na skrini nyeusi, maana hiyo ndiyo inayokunyima ulichokitafuta.

Lotus 1-2-3 ilianza kuuzwa Januari 1983 na ikapata umaarufu kwa wepesi wake. Wepesi huo ulitokana na jinsi Jonathan Sachs alivyoiandika kwa lugha ya asembli, ikipeleka herufi na mistari moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kadi ya skrini bila kupitia DOS. Mwenzake, Mitch Kapor, alikuwa ameshatengeneza VisiPlot, programu ya kuchora grafu za takwimu za VisiCalc, programu ya majedwali iliyoitangulia 1-2-3, na safari hii grafu haikuwa tena programu ya kufunguliwa kando, bali ilitokea papo hapo mbele ya mtu aliyekuwa akijaza jedwali. Hasara ya mpango huo ni kwamba 1-2-3 haichunguzi kompyuta ina kadi gani. Inafuata tu kile kilichoandikwa kwenye faili liitwalo 123.SET. Tena ndani ya faili hilo draiva, yaani programu ndogo ya kuendesha kifaa, ya maandishi na ile ya grafu ni vitu viwili mbalimbali. Ya maandishi ikiwa sahihi na ya grafu ikiwa haipo, au ikiwa ni ya kadi nyingine, matokeo yake ni hayo hayo unayoyaona: namba zimekaa vizuri, ukiamuru View skrini inakuwa nyeusi, ukibonyeza Esc unarudi kwenye jedwali kana kwamba hukuomba kitu.

Kwa hiyo kabla hujagusa disketi yoyote, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, uigeuze utazame mgongo wake mahali waya wa monita unapoingia. Ukikuta tundu la pini 9, na kwenye bati hilo hilo kuna tundu kubwa la pini 25 la printa, basi karibu hakika una kadi ya monita ya rangi moja, yaani ama MDA ya IBM ya mwaka 1981 ama Hercules, iliyotoka mwaka uliofuata. Ukikuta tundu la pini 9 likiwa na jirani yake tundu dogo la duara, kama lile la waya wa video wa televisheni za zamani, hiyo ni CGA, kadi ya rangi. Kwa jinsi ulivyoieleza monita yako, nategemea utakuta hali ya kwanza, na hapo ndipo penye jambo. MDA inajua herufi peke yake, safu 80 kwa mistari 25, na hakuna programu itakayoilazimisha ichore mstari wa mshazari. Hercules inatumia monita ile ile, lakini inaweza pia kuwasha nukta 720 kwa 348, moja moja. Kompyuta nyingi za XT zisizotengenezwa na IBM zilikuja na kadi zilizoiga Hercules, kwa hiyo una sababu nzuri ya kuwa na matumaini.

Nitoe tahadhari moja hapa. Matundu ya pini 9 ya kadi hizi yanafanana kabisa, lakini monita ya MDA inangoja mawimbi ya kilohezi 18.4, ilhali CGA inatoa kilohezi 15.75. Kuunganisha monita ya kijani kwenye kadi ya CGA ili kujaribu tu kunaweza kuiunguza, na monita hizo hazipatikani tena dukani.

Ukishajua kadi yako, ingia kwenye C:\123 na uandike INSTALL. Hatua hii ndiyo uliyoiruka. Kunakili disketi kwa amri ya COPY ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuchagua vifaa. Hakikisha faili la SINGLE.LBR limo ndani ya saraka, kwa sababu draiva zote zimekusanywa humo. Chagua First-Time Installation, na utakapoulizwa kama kompyuta yako inaweza kuonyesha grafu, jibu ndiyo, kisha eleza kwamba una monita moja. Katika orodha ya kadi chagua Hercules yenye maandishi ya 80 kwa 25. Baada ya hapo utaulizwa printa mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya maandishi na mara ya pili kwa ajili ya grafu, na mara zote mbili utapaswa kujibu hata kama printa ni ile ile moja. Mwisho hifadhi kwa jina la 123. Mimi napendelea kuhifadhi tena kwa jina jingine, tuseme HERC, maana 1-2-3 inakubali kuanzishwa kwa kuandika 123 HERC, na siku ukibadilisha kadi utatengeneza faili jipya la SET bila kufuta la zamani. Kama siku ya kwanza kujaribu View utasikia monita ikitoa mlio mwembamba au picha ikakimbia kimistari, zima mara moja: una MDA halisi, na huna budi kutafuta kadi ya Hercules.

Mambo yakienda vizuri, fungua faili lako la mvua, kisha bonyeza alama ya mkwaju ikifuatiwa na G, N na U, yaani Graph, Name, Use. Utaona orodha ya majina uliyoyapa grafu zako wakati ule, na ukichagua moja itachorwa hapo hapo. Kitufe cha F10 kitairudisha wakati wowote ukiwa kwenye jedwali. Kama grafu zako zina masika kwenye safu ya A na vuli kwenye safu ya B, na ulizitengeneza kwenye monita ya rangi, huenda nguzo zote zikaonekana zimejaa kijani bila tofauti. Ingia Options, chagua B&W, na masika itachorwa kwa michirizi ya aina moja na vuli kwa nyingine. Ukitaka kuongeza mvua za miaka ya karibuni, kumbuka kwamba @DATE inahesabu miaka kuanzia 1900, hivyo mwaka 2000 unaandikwa 100 na mwaka 2024 unaandikwa 124. Hesabu hiyo inafika mpaka 2099.

Sasa disketi ya System. Toleo la 2.01 lilitoka mwaka 1986, wakati Lotus ilikuwa bado inaweka kinga dhidi ya kunakili, na programu inapoanza inatafuta alama maalumu iliyo kwenye disketi halisi. Kuna programu ndogo iitwayo COPYHARD inayohamishia haki hiyo kwenye diski ngumu, na wengi watakushauri uitumie. Mimi sikushauri. Haki ikishahama inakuwa imeondoka kwenye disketi, na inakaa katika mafaili yaliyofichwa mahali maalumu pa diski ngumu. Diski hiyo ya megabaiti 20 ikifa, na kwa umri wake inaweza kufa wakati wowote, haki imekwenda nayo. Afadhali uendelee kuweka disketi ya System kwenye A unapoanza, na programu ikishafunguka uitoe uweke disketi yako ya takwimu. Ziba pengo lake la pembeni kwa kipande cha karatasi yenye gundi ili disketi isiandikiwe kwa bahati mbaya, na ile disketi ya pili ya System, iliyowekwa kama akiba, ihifadhi mbali na mashine.

Kuhusu nakala za kijana, hakufanya kosa lolote. Kilichomponza ni kiendeshi cha 286. Kiendeshi cha XT kinaandika njia 40 za duara kwenye disketi ya kilobaiti 360. Kiendeshi cha 286, kile cha megabaiti 1.2, kinaandika njia 80 katika upana ule ule wa disketi, kwa hiyo kichwa chake ni chembamba, karibu nusu ya kile cha XT. Kinapoandika juu ya disketi iliyowahi kuandikwa na kiendeshi kipana, kinaacha kingo za data ya zamani pande zote mbili za njia mpya, na kichwa cha XT kinapopita kinasoma vyote kwa pamoja. Dawa ni kunakili kwenye XT yenyewe. DISKCOPY A: A: itakuomba ubadilishe disketi mara kadhaa kwa kuwa una kiendeshi kimoja, lakini nakala itakayotoka itasomeka. Nakala hiyo haitakuwa na alama ya kinga kwa disketi mbili za System, ila kwa nyingine nne inatosha, na kwa disketi zako za takwimu ni ya lazima. Zinakili hizo kwanza, kabla ya jambo jingine lolote.

Imebaki kuchapisha, na hapa wengi hukwama kwa sababu 1-2-3 yenyewe haichapishi grafu. Ukiwa na grafu unayoitaka, chagua Graph, Save, uipe jina, tuseme MVUA, na faili la MVUA.PIC litatengenezwa. Faili hilo halifunguliki tena ndani ya 1-2-3 kwa kurekebishwa, kwa hiyo usidhani umehifadhi jedwali. Toka, kisha andika PGRAPH, ambayo ndiyo programu ya kuchapisha grafu. Ingia Settings, halafu Hardware, na ubadilishe Graphs-Directory na Fonts-Directory zote ziwe C:\123, la sivyo programu itaendelea kuhangaika na kiendeshi A. Kwenye Printer chagua ile uliyoitaja wakati wa INSTALL. Orodha ikiwa tupu, maana yake hukuchagua printa ya grafu na itabidi urudi kule. Printa za Epson za kupiga sindano juu ya utepe, kama LX-310 ambazo bado zinatumika kwenye maduka na ofisi zinazotoa risiti za nakala, zina tundu la pini 36 linalounganishwa kwa waya na lile tundu la pini 25 la kompyuta, na zinaelewa amri za Epson FX za wakati ule. Hifadhi mipangilio, weka alama kwenye MVUA kwa kitufe cha nafasi ndani ya Image-Select, bonyeza Align halafu Go. Kichwa cha printa kitapita taratibu mstari kwa mstari, na ukichagua ubora wa juu ukurasa mmoja utachukua dakika kadhaa.

SWALI

Nimerithi boksi la disketi za inchi 5.25 zilizokaa Unguja tangu miaka ya 1980, baadhi zikiwa na programu za kuchora grafu. Kupitia lile tundu refu la ganda naona madoa meupe kama vumbi. Je, nizifute kwa kitambaa?

Msomaji, Mjini Magharibi.

JIBU

Usizifute, na usiingize hata moja kwenye kiendeshi. Huo ni ukungu unaoota kwenye disketi kutokana na joto na unyevu wa pwani, na ukipita chini ya kichwa cha kusomea unakwangua tabaka la sumaku pamoja na data iliyomo. Kichwa kikishapakaa uchafu huo, kitaikwangua pia disketi isiyo na ukungu utakayoingiza baadaye. Watu wengi wamepoteza boksi zima kwa namna hiyo, wakidhani disketi zote zilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Njia inayofaa ni kukata ukingo wa juu wa ganda kwa mkasi, kutoa ile sahani laini ya ndani kwa kuishika katikati, na kuiosha kwa maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri za magari. Soma lebo vizuri usije ukanunua asidi. Tone moja la sabuni ya vyombo linasaidia. Pitisha vidole polepole kufuata mduara, suuza, kisha iegemeze ikauke yenyewe kivulini, kwani jua na feni yenye vumbi havifai. Chukua disketi nyingine safi usiyoihitaji, fungua ganda lake, weka sahani yako humo, uisome na kuinakili mara moja. Baada ya kila disketi, safisha vichwa vya kiendeshi kwa pamba iliyolowa spiriti ya isopropili. Kama data ni ya thamani, kuna kifaa kidogo kiitwacho Greaseweazle kinachounganisha kiendeshi cha zamani na kompyuta ya leo kwa USB, nacho husoma mawimbi yenyewe ya sumaku, hivyo mara nyingine huokoa kile ambacho DOS imeshakikataa.

SWALI

Ninafundisha hisabati Mombasa. Nina 286 yenye kadi ya VGA na nimeipata gnuplot 3.5 ya DOS, programu ya kuchora grafu. Inakubali amri zangu zote, lakini nikiandika plot sin(x) hakuna picha. Je, VGA haifai?

Mwalimu, Mombasa.

JIBU

VGA inafaa, Mwalimu. Ni draiva tena. Gnuplot, iliyoanzishwa mwaka 1986 na Thomas Williams na Colin Kelley, katika toleo lake la DOS la biti 16 inatumia draiva za Borland zenye majina yanayoishia na BGI. Yako ni EGAVGA.BGI. Iweke kwenye saraka ya programu, kisha ongeza kwenye AUTOEXEC.BAT, faili la amri zinazosomwa kompyuta inapowaka, mstari wa SET BGI=C:\GNUPLOT, uwashe kompyuta upya. Ukitaka pia amri ya help ifanye kazi, ongeza SET GNUHELP ikifuatiwa na mahali lilipo faili la GNUPLOT.GIH. Hakikisha tu kwamba si toleo la biti 32, kwa sababu hilo linahitaji 386 na halitafunguka kabisa kwenye mashine yako.

Bila chipu ya hesabu ya 80287 mchoro utatoka polepole. Kwa darasani andika set samples 40, na mstari utakuwa na pembe kidogo lakini wanafunzi hawatangoja. Ukiandika set terminal peke yake utapata orodha ya skrini na printa zote ambazo nakala yako inazijua. Kwa mwalimu anayeanza leo ningemwelekeza kwenye programu hii kuliko 1-2-3, kwani inatolewa bure na kihalali, na amri atakazojifunza kwenye 286 zitafanya kazi pia kwenye matoleo ya sasa, isipokuwa chache.

SWALI

Sina kompyuta ya zamani. Je, naweza kuifunga Lotus 1-2-3 ya DOS kwenye kompyuta yangu ya mkononi?

Mwanafunzi, Nairobi.

JIBU

Unaweza, kwa kutumia DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya zamani ya DOS. Kwenye faili la mipangilio andika machine=hercules kama unataka kuona grafu za rangi moja kama zilivyokuwa, au machine=ega kwa rangi. Kisha ndani ya INSTALL uchague kadi hiyo hiyo. Toleo la 2.01 lilitangulia kadi ya VGA, iliyotoka mwaka 1987, kwa hiyo hata kwenye VGA unaitambulisha kama EGA. Kinga ya disketi ya System haitapita kwenye DOSBox, hivyo tafuta Toleo la 2.2 la mwaka 1989, ambalo halina kinga. Kabla ya INSTALL litakutaka uendeshe INIT na kuandika jina lako. Fahamu pia kwamba, ingawa IBM, iliyoinunua Lotus mwaka 1995, iliacha kuihudumia 1-2-3 mwaka 2014, programu hiyo haijawa mali ya umma, kwa hiyo nunua disketi halisi kwa anayeziuza. Na kama haja yako ni kusoma mafaili ya WK1 tu, yaani majedwali ya 1-2-3, programu ya LibreOffice Calc inayafungua na tarakimu zitafika salama, ila grafu usizitegemee.